Fahamu: Kutoka Muhoroni hadi Uganda kwa baiskeli

Mwendesha baiskeli anayezunguka Ulaya kwa kawaida anaweza kutoka Ufaransa hadi Ubelgiji bila kusimamishwa, kwani nchi za Schengen zilianza kuondoa ukaguzi mipakani mwaka 1995. Je, anayetoka Muhoroni kwenda Uganda?

Anapita mashamba ya miwa hadi Kisumu, kisha anaelekea Busia, mpakani. Njiani, Maseno, anavuka mstari wa Ikweta.

Busia bado kuna ukaguzi, ila umerahisishwa. Tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa rasmi Februari 2018, anayetoka Kenya hukaguliwa upande wa Uganda tu: maofisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja, dirisha la kutoka kisha la kuingia.

Mkenya hahitaji pasipoti. Tangu 2014 kitambulisho cha taifa kinatosha. Abebe pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Baiskeli yenyewe haidaiwi bima ya COMESA, inayohusu magari. Hapa si ngeni: tangu miaka ya 1960, wenyeji wamekuwa wakivusha abiria mpaka huu wakiwa wameketi kwenye keria.