Tumenawa Mikono, Sasa Tufungue Madirisha

Kila muhula unapofunguliwa, barabara ya kutoka Kitale kwenda Webuye hujaa wanafunzi wenye masanduku. Wengine huteremka Misikhu, wengine Lugulu, na wengine huendelea hadi Bungoma. Hazipiti wiki nyingi kabla ya kikohozi kuzuka katika bweni moja, kisha la pili, hatimaye darasa zima linapiga chafya. Wazee hulaumu baridi iteremkayo kutoka Mlima Elgon. Kwa maoni yangu, mlima huo unaonewa bure. Baridi haizai virusi. Hutufanya tufunge madirisha, na madirisha yakishafungwa tunabaki kuvuta pumzi za wenzetu.

Yafaa mwalimu na mwanafunzi waelewe jinsi jambo hili linavyotendeka. Mtu mwenye virusi vya mafua, ukambi au korona anapokohoa, anapozungumza, anapoimba au hata anapopumua tu, hutoa vitone vya majimaji. Vile vikubwa huanguka chini upesi. Vile vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, huelea kama moshi wa jikoni. Uwanjani upepo huvitawanya. Katika chumba kilichofungwa huzidi kujikusanya, na kila aliyemo huvivuta hadi mapafuni.

Ukambi ndio mfano ulio wazi zaidi. Virusi vyake huweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka chumbani, na kati ya watu 10 wasio na kinga waliokaribiana naye, 9 huambukizwa. Isitoshe, mgonjwa huanza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele kutokea. Anayengoja vipele ndipo achukue hatua amekwisha kuchelewa.

Mnamo Machi 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi tarehe 4 Januari 2021. Waliporudi walikuta matangi ya maji, ndoo zenye mifereji na sabuni langoni. Lilikuwa jambo jema, kwani kunawa mikono huzuia kuhara na maradhi mengine mengi. Lakini lilikuwa nusu ya somo. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilitangaza tarehe 28 Machi 2020 kwamba virusi vya korona havienei hewani. Ushahidi ulipozidi, likabadili msimamo, na mwaka wa 2024 likatoa istilahi mpya zinazokubali waziwazi kwamba viini vya maradhi kama hayo husafiri kupitia hewa.

Ushahidi mmojawapo ulitokana na kwaya moja katika jimbo la Washington, Marekani. Tarehe 10 Machi 2020 watu 61 walikutana kwa mazoezi ya saa mbili na nusu. Mmoja wao alikuwa na dalili za homa. Baadaye wenzake 52 waliugua, na wawili kati ya waliougua wakafariki. Mwalimu wa muziki anayefunga mlango ili kwaya yake isisumbue madarasa mengine na alitafakari hilo.

Sasa tutazame mabweni yetu. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 unaagiza nafasi ya mita 1.2 baina ya vitanda, njia ya mita 2, na madirisha yasiyo na vyuma, yanayofunguka kwa nje. Hofu kubwa ilikuwa moto, na sababu twaijua: mwaka wa 2001 wavulana 67 waliangamia bwenini katika shule ya Kyanguli, Machakos. Hata hivyo, agizo lilo hilo hulinda pumzi pia. Nimeingia katika mabweni ambamo mtu hupita kwa ubavu kati ya vitanda, na madirisha yamepigwa misumari. Bweni la namna hiyo lina hatari mbili.

Najua nitaambiwa kwamba usiku ni baridi na wezi ni wengi. Ni kweli. Lakini vidirisha vya juu vinaweza kuachwa wazi usiku kucha, na vya chini kufunguliwa alfajiri na wakati wa masomo ya jioni. Madirisha ya pande mbili yakifunguliwa pamoja, hewa hupita. Blanketi ya pili ni nafuu kuliko kulaza watoto hospitalini, na kufungua dirisha hakugharimu hata shilingi moja.

Yako mengine mawili. Mzazi na aulizwe, anapomleta mwanawe, kama alipata chanjo ya ukambi, ambayo Kenya hutolewa katika miezi 9 na 18. Na mwanafunzi anayekohoa asiitwe mvivu. Apewe barakoa na ruhusa ya kupumzika, kwani anayeficha ugonjwa kwa kuogopa kukemewa huwagawia wenzake.

Muhula ujao, kila mwanafunzi ahesabu madirisha yaliyo wazi kabla ya kulala. Asipoona hata moja, amwulize mwalimu wa zamu sababu. Swali hilo ni haki yake, wala si utovu wa adabu.