Saratani ya utumbo: Uliza alichokufa nacho babu

Mzee akifariki, wanawe hugawana shamba na ng'ombe mbele ya wazee wa ukoo. Lakini upo urithi mwingine usiotajwa matangani: ugonjwa uliomuua. Utasikia tu, "Marehemu alisumbuliwa na tumbo." Tumbo lipi? Hakuna anayeuliza.

Kimya hicho ni hatari. Mtu ambaye mzazi au ndugu yake amewahi kuugua saratani ya utumbo mpana anakabiliwa na hatari ya takriban mara mbili kuliko watu wengine.

Jambo hili halikujulikana jana. Mnamo 1895, mshonaji nguo mmoja huko Michigan, Marekani, alimwambia Dkt Aldred Warthin kwamba angekufa mapema kwa saratani, kwani ndivyo walivyokufa jamaa zake. Ikawa hivyo. Daktari huyo aliufuatilia ukoo mzima na kuchapisha habari zake 1913. Siku hizi hali hiyo huitwa ugonjwa wa Lynch. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, na wanawake huweza pia kupata saratani ya nyumba ya uzazi.

Hata hivyo, wagonjwa wengi hawana jamaa aliyeugua. Wala si maradhi ya wazee pekee. Aliyekuwa mbunge wa Kibra, Ken Okoth, alifariki Julai 2019 kutokana na saratani hii akiwa na umri wa miaka 41.

Dalili zake ni damu kwenye choo, kufunga choo au kuendesha kusikokoma, kupungua uzani na uchovu wa kukosa damu. Wengi hudhani ni bawasiri au amiba, wakanunua dawa dukani mwezi baada ya mwezi.

Habari njema ni kwamba mara nyingi saratani hii huanza kama kinyama kidogo utumboni, ambacho huchukua hata miaka 10 kugeuka. Daktari hukiona kwa mpira mwembamba wenye kamera, akakikata papo hapo. Aliye na mzazi au ndugu aliyeugua hushauriwa kupimwa afikapo miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao jamaa huyo aligunduliwa. Kama baba aligunduliwa akiwa na 45, mwana aanze akiwa na 35. Penye ugonjwa wa Lynch, huanza mapema zaidi.

Wakazi wa Eldoret, na hata wa Iten na Kapsabet, wanaweza kutafuta ushauri katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi.

Kabla ya kwenda, muulize nyanya au shangazi mambo matatu: nani aliugua, sehemu gani ya mwili, na akiwa na umri gani. Yaandike. Kuzungumzia choo mbele ya wakubwa kunaona haya, lakini wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua.