Shingo ya Twiga Haina Pingili ya Ziada

Twiga sisi Watanzania tumembandika kwenye mifuko ya saruji na timu ya taifa ya soka ya wanawake tumeipa jina lake, lakini uliza stendi ya mabasi ya Igawa shingo ile imetoka wapi: utaambiwa ana pingili nyingi. Hana. Anazo saba, sawasawa na wewe na panya. Ila nyingi kati yake kwa twiga mkubwa hupita sentimita 25.

Idadi hiyo hupangwa kiinitete kikiwa bado hakifanani na mnyama yeyote. Wapangaji ni protini za Hox. Hazijengi mfupa hata kidogo. Hushika vinasaba mahali maalumu, zikawasha jeni hizi na kuzima zile. Mamalia tuna jeni 39 za Hox katika mafungu manne, na ajabu ambayo mimi hainiishi ni kwamba zimejipanga kwenye kromosomu kwa mfuatano wa mwili wenyewe. Za upande wa kichwa huwaka kwanza, za mkia baadaye, mithili ya malori kwenye foleni ya mzani wa barabara kuu: hakuna linalopimwa kabla ya lililo mbele yake. Kila kipande cha mgongo hupokea mchanganyiko wake wa protini, na mchanganyiko huo ndio unaokiamulia kiwe nini. Inapoanza kuwaka Hoxc6, shingo imekwisha na kifua kimeanza. Ndivyo ilivyo kwa panya, na hata kwa kuku mwenye pingili 14 za shingo.

Mbona basi mamalia karibu wote tumeng'ang'ania saba? Mwaka 1999 Frietson Galis wa Uholanzi alitoa hoja kwamba jeni hizo zina kazi nyingine nyingi mwilini. Ukiusogeza mpaka wa shingo unaharibu na kwingine, kwa kasoro za kuzaliwa na hata saratani za utotoni. Twiga amepita mlango wa nyuma: pingili yake ya kwanza ya kifua, pamoja na mbavu zake, imelegea ikawa inacheza kama ya nane.

Na urefu? Mwaka 2016 Morris Agaba wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, na Douglas Cavener wa Marekani walilinganisha jeni za twiga na za okapi, ndugu yake wa misitu ya Kongo. Walipata jeni 70 zenye dalili za kubadilika kipekee. Baadhi ni za jamii hiyo ya Hox, zinazoonyesha ni sehemu gani ikue. Nyingine, kama FGFRL1, zinahusika na ukuaji wenyewe. Watafiti wa China walipompa panya FGFRL1 ya twiga, mwaka 2021, shingo haikurefuka. Alipata mifupa yenye madini mengi zaidi na akastahimili shinikizo la damu.

Bado kidato cha nne tunachora twiga wa Lamarck akijinyoosha kufuata majani. Sijamsikia mwalimu akimtaja Agaba, na Arusha si Ulaya.

Faida za kuzijua swichi hizi ni nyingi: kasoro za uti wa mgongo, mifupa dhaifu, presha, uzazi wa mifugo. Twiga wenyewe hawajaonja hata moja. Hapo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyoongezewa eneo la Usangu mwaka 2008, wana ugonjwa wa ngozi unaowala miguu ya mbele. Ulianza kurekodiwa mwaka 2000, na mipaka ya hifadhi tunaijadili zaidi kuliko vidonda vyao.