Mezcal: Pombe ya wakulima wa Mexico yavuka mpaka

Mezcal, pombe kali ya jadi ya Mexico iliyozoeleka katika harusi na mazishi ya vijijini, sasa inauzwa kwa bei ya juu katika baa za Marekani, mnunuzi wake mkuu wa nje. Sehemu kubwa hutengenezwa jimboni Oaxaca kutokana na agave, mmea wa jamii moja na mkonge uliopelekwa Tanganyika mwaka 1893.

Kiini cha mmea huo, kinachofanana na nanasi kubwa, huokwa kwa siku kadhaa shimoni juu ya mawe ya moto. Ndiyo asili ya ladha yake ya moshi. Kisha husagwa, mara nyingi kwa jiwe linalokokotwa na farasi, huachwa kichachuke katika mapipa ya mbao, halafu huchemshwa na mvuke wake kukingwa.

Tangu 1994 jina la mezcal linalindwa kisheria. Sheria, hata hivyo, haiharakishi mmea: aina ya espadín huchukua takriban miaka 6 hadi 8 kukomaa, na baadhi ya aina za mwituni huchukua muda mrefu zaidi. Tena huvunwa kabla ya kuchanua, hivyo mbegu hazipatikani, na popo wanaotegemea maua yake hukosa chakula. Baadhi ya watengenezaji sasa huacha sehemu ya mimea ichanue, ingawa kila mmea ulioachwa ni chupa kadhaa zisizouzwa.