Kasimile, Shira na Chembe za Barafu

Aiskrimu ya nyumbani ikiharibika, mara nyingi mkosaji ni maji. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa takriban asilimia 87. Embe bivu limepita asilimia 80. Hata tui zito la nazi, pamoja na mafuta yake yote, zaidi ya nusu yake ni maji. Maji hayo yakiganda polepole huunda chembe kubwa za barafu, na ulimi ni mwepesi wa kuzigundua: chembe ikifika kiasi cha sehemu moja ya ishirini ya milimita, mlaji anahisi mchanga mdomoni. Aiskrimu laini ina barafu vilevile, ila barafu yake ni ndogo mno kuhisika. Kazi yote ya mpishi, tangu kwenye jiko hadi kwenye friza, ni kuyazuia maji yasijikusanye.

Nasema haya nikiwafikiria akina mama na vijana wa Bondeni, Makadara na Kibokoni, hapa Mombasa, wanaouza aiskrimu kutoka nyumbani, na wale wanaopika kwa ajili ya watoto wao tu. Kisiwani tumelelewa kwa aiskrimu za vipakiti: za ukwaju, za ubuyu, za embe, za maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi. Unang'ata pembe ya kipakiti, unafyonza hadi ibaki barafu nyeupe isiyo ladha. Nazipenda, na sidhani zinahitaji kurekebishwa. Lakini zilikuwa na faida moja ambayo wengi hawakuiona. Kipakiti chembamba hupoa pande zote kwa haraka, na kinachoganda haraka hutoa chembe ndogo. Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ianze Kenya tarehe 28 Agosti 2017, vikombe vimechukua nafasi kubwa, na kikombe kina kina. Katikati yake huchelewa kuganda. Mchanganyiko uleule, uliokuwa ukitoka vizuri kwenye kipakiti, ukiumimina kwenye bakuli la plastiki lenye kimo cha shibiri moja utatoka mgumu na wenye chembe.

Dawa ya kwanza ni sukari. Watu huidhani kuwa ni ya utamu tu, kumbe ndiyo inayoamua ugumu. Maji yenye sukari hayagandi kwenye sifuri. Huhitaji baridi zaidi, na kadiri barafu inavyoundwa, ndivyo sukari inavyozidi kujaa katika maji yaliyosalia, na hayo nayo hukataa kuganda. Ndiyo maana kwenye friza ya nyumbani, ambayo hukaa karibu nyuzi 18 chini ya sifuri, aiskrimu nzuri bado ina sehemu ya maji yasiyoganda kabisa, na kijiko kinapita. Kiasi kinachofaa ni kati ya asilimia 14 na 18 ya uzito wa mchanganyiko. Mpishi anapoonja ungali moto huona umezidi utamu, akapunguza. Kesho yake anakuta jiwe. Baridi hupoza ulimi, na utamu uliokera jana kwenye sufuria leo utakuwa wa kadiri. Anayeogopa sukari kwa sababu za afya, na sababu hizo ni za kweli, ni bora ale vijiko viwili vya aiskrimu iliyopikwa sawasawa kuliko bakuli zima la barafu.

Dawa ya pili ni mafuta, na hapa pwani tuna mali. Nazi iliyokomaa, ikakunwa kwa mbuzi papo hapo, ikakamuliwa kwa maji ya vuguvugu kidogo sana, hutoa kasimile yenye mafuta yanayoshindana na krimu ya ng'ombe. Mafuta haya hukaa katikati ya chembe za barafu na kuzizuia zisiungane. Yana tabia yake, hata hivyo. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo Mombasa mchana ni maji, na ndani ya friji ni magumu kama nta. Aiskrimu ya kasimile tupu huacha utando kwenye kaakaa la mdomo. Ichanganye na maziwa, na uipe kitu cha kuyashika mafuta na maji pamoja.

Kitu hicho kinaweza kuwa viini vya mayai, lakini mimi nachagua konflawa, kwa kuwa ni rahisi, haina shaka ya mayai mabichi, na humfaa hata asiyekula mayai. Vikombe 2 vya kasimile, kikombe 1 cha maziwa, robo tatu ya kikombe cha sukari, vijiko 2 vya konflawa, chembe ya chumvi na iliki iliyotwangwa. Koroga konflawa kwenye maziwa baridi kwanza, isije ikafanya madonge, kisha tia vyote jikoni kwa moto mdogo. Usiache mwiko. Tui likichemka kwa nguvu hukatika, mafuta yakaelea juu na maji yakabaki chini, na aiskrimu ya tui lililokatika haitengenezeki. Wanga wa konflawa unapopata moto hufura, hunywa maji na kulishikilia tui lisikatike. Chota kwa mwiko, pitisha kidole mgongoni mwake. Mstari ukibaki wazi bila kufunikwa, epua. Chuja.

Halafu subiri. Mchanganyiko ukipoa, ufunike uulaze kwenye friji usiku kucha, au saa nne kwa uchache. Nimeona watu wakilisoma agizo hili na kuliruka kana kwamba limeandikwa kwa ajili ya wenye viwanda. Wanga huendelea kunywa maji wakati huo, mafuta huganda taratibu kuwa vitone vigumu vitakavyoshika hewa utakapopiga, na mchanganyiko wote huingia kwenye friza ukiwa umeshakaribia sifuri, hivyo safari ya kuganda inakuwa fupi.

Msomaji anayeijua habari ya Erasto Mpemba atanikatiza hapo. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Tanganyika, na wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na sukari. Nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombaniwa. Kwa kuhofia kuikosa, Mpemba aliuingiza mchanganyiko wake ungali moto, na baadaye akakuta wake umeganda kabla ya ule wa mwenzake uliotiwa bila kuchemshwa. Alimuuliza mwalimu, akaambiwa haiwezekani. Mwaka huohuo rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga alimwambia kwamba yeye hutia mchanganyiko moto makusudi ili ugande upesi. Mpemba alipofika Mkwawa, Iringa, alichekwa darasani kwa swali lilelile, kisha akamuuliza mgeni wa shule, Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Osborne hakucheka, alikwenda kulijaribu. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala yao katika jarida la Physics Education, na tangu hapo wanafizikia duniani huliita jambo hilo kwa jina la Mpemba. Aristotle aliligusia karne nyingi kabla yake, lakini swali lililoufanya ulimwengu wa sasa ulipime lilitoka kwa kijana aliyetaka aiskrimu. Hilo lastahili kufundishwa katika kila shule ya Afrika Mashariki.

Wanasayansi bado wanabishana. Wako wanaosema maji moto hupoteza kiasi kwa mvuke. Wako wanaotaja mizunguko ndani ya chombo. Wengine husema chombo cha moto huyeyusha sakitu iliyo chini yake kwenye friza na hivyo kugusana vyema na ubaridi. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya na kusema hawakupata ushahidi wa kutosha. Kwa jiko la Bondeni shauri langu ni moja: usiingize sufuria ya moto kwenye friza yenye samaki na nyama za wiki nzima. Itavipandisha joto vyote, na Mombasa mwezi wa Machi friza hiyo tayari imelemewa.

Kugandisha kwenyewe kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya barafu na chumvi, na haihitaji stima ukishakuwa na barafu. Chukua sufuria ndogo ya aluminiamu, iweke ndani ya ndoo, zungushia barafu iliyopondwa sehemu 3 kwa sehemu 1 ya chumvi ya mawe, ile inayotoka kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Ngomeni. Chumvi huilazimisha barafu iyeyuke ingawa kuna baridi, na barafu haiwezi kuyeyuka bila kunyakua joto. Italinyakua kutoka kwenye sufuria yako. Maji ya chumvi yaliyo ndani ya ndoo yanaweza kushuka hadi kukaribia nyuzi 21 chini ya sifuri. Mashine ya kuzungusha kwa mkono aliyoisajili Nancy Johnson huko Marekani mwaka 1843 ilisimama juu ya kanuni hiyohiyo. Zungusha sufuria, kwangua kingo kwa mwiko, usipumzike. Barafu inayouzwa kwa ajili ya samaki yafaa kwa ndoo, maadamu hakuna hata tone linaloingia ndani ya sufuria.

Njia ya pili ni ya friza. Mimina mchanganyiko baridi kwenye sinia pana la bati, usizidi vidole viwili kwa kina. Kingo zikianza kushika, toa, piga kwa mashine ya mayai au uma wenye nguvu, rudisha. Rudia kila nusu saa mpaka mchanganyiko uwe mzito usiomwagika. Kila unapopiga unavunja chembe na kuingiza hewa, na hewa ni kiungo kamili. Aiskrimu nyingi za bei rahisi nusu ya ujazo wake ni hewa. Ya mkono haifiki hapo, nayo huwa nzito na yenye ladha zaidi.

Sasa ya kumimina juu. Watu wa kisiwani hawahitaji kufundishwa shira. Nyumba inayopika kaimati kila Ramadhani inajua kuichemsha. Kinachohitajika ni kuielewa. Rojo lenye maji mengi likigusa aiskrimu huganda na kuwa gamba. Shira nzito hubaki ikiteleza, kwa kuwa karibu robo tatu yake ni sukari na maji yaliyomo hayana nafasi ya kuganda. Vikombe 2 vya sukari kwa 1 cha maji. Sukari ikishayeyuka, acha kukoroga. Punje zilizonata ukingoni zifute kwa brashi au kitambaa kilicholowa, kwani punje moja ikianguka huwaita wenzake, na chupa nzima ya shira hugeuka kuwa sukari tena. Kamua ndimu, kijiko kimoja cha chai. Sukari ya mezani imeundwa kwa glukosi na fruktosi zilizoshikana. Asidi pamoja na moto huachanisha baadhi yake, na mchanganyiko huo wa aina tatu hushindwa kujipanga kuwa chembe. Chukua tone kwa kijiko, liache lipoe kidogo, libane kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha vitenganishe polepole. Uzi mmoja ukivutika bila kukatika, moto umefika nyuzi 105 hivi. Zima, tia zafarani au marashi ya mawaridi wakati huo, maana harufu yake huondoka na mvuke.

Shira ya ukwaju ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ina sababu yake ya kisayansi. Wapishi wengi wamejaribu aiskrimu ya maziwa na ukwaju wakaishia na mtindi, kwa vile asidi ya ukwaju hugandisha protini za maziwa. Usizichanganye jikoni. Acha maziwa na kasimile viwe chini, ukwaju uwe juu. Loweka ukwaju, ukamue, uchuje makokwa na nyuzi, uchemshe na sukari na chumvi kidogo mpaka uwe mzito. Hauhitaji ndimu, umejitosheleza kwa uchachu. Anayetaka pilipili manga atie. Ulimi uliozoea achari utamwelewa.

Embe nalo hutendewa kwa namna mbili. Msimu ukifika, nunua ngowe zilizoiva Marikiti au Kongowea, saga, pika nusu ya rojo kwa moto mdogo mpaka lipungue kwa nusu, ndipo ulitie kwenye mchanganyiko. Hapo umeliondolea maji na kuacha utamu. Nusu ya pili ibaki mbichi na ndimu, imiminwe juu, kwa sababu embe lililopikwa hupoteza ile harufu ya mtini. Na anayependa chokoleti, ayeyushe sehemu 4 za chokoleti na 1 ya mafuta ya nazi. Mafuta yaleyale yaliyotusumbua kwenye kasimile yatamfaa hapa: yakigusa baridi hukauka kwa sekunde chache na kuwa ganda linalovunjika kwa kijiko.

Hifadhi aiskrimu ikiwa imebandikwa karatasi ya nta juu ya uso wake, kisha kifuniko, na uiweke ndani kabisa, mbali na mlango. Kila mlango unapofunguliwa chembe ndogo huyeyuka kidogo, na zikiganda tena hujiunga na kubwa. Stima zikipotea, usiifungue friza. Zikirudi, angalia: iliyolainika tu huku ingali baridi, ipige upya kwenye sinia. Iliyoyeyuka ikakaa saa mbili kwenye joto, imwage, hata kama haijanuka, kwani bakteria huzaana kwenye maziwa kabla pua haijapata habari. Ile iliyo katikati, imekuwa rojo lakini ingali baridi mkononi, imimine glasini na vipande vya embe, inywewe jioni hiyohiyo.