Vumbi Lisiloonekana: Wajibu wa Mwajiri katika Karakana za Kinyerezi

Usalama kazini unapotajwa Kinyerezi, macho ya wengi huelekea kwenye mitambo ya kufua umeme kwa gesi asilia, yenye uzio, kofia ngumu na mabango ya tahadhari. Daktari wa magonjwa yatokanayo na kazi hutazama pia upande mwingine: viwanja vya kufyatulia matofali, karakana za kukata marumaru na mawe, na nyumba zinazoinuka kila mtaa. Huko mwajiri mwenye vibarua sita aghalabu hudhani kuwa sheria haimhusu.

Inamhusu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, ilichukua nafasi ya sheria ya viwanda tuliyoirithi kutoka enzi ya ukoloni, na upeo wake ukavuka mipaka ya kiwanda. Mwajiri anapaswa kusajili mahali pa kazi kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, kutathmini hatari zilizopo, na kugharimia vifaa kinga. Kifungu cha 24 kinaongeza sharti linalopuuzwa kuliko yote: mfanyakazi apimwe afya kabla ya kuanza kazi, apimwe tena mara kwa mara awapo kazini, na apimwe anapoondoka.

Kwa nini mara tatu? Jibu limo katika vumbi lenyewe. Mchanga, kokoto, zege na marumaru vina silika. Msumeno wa umeme unapovikata vikiwa vikavu, hutoa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na hizo ndizo zinazofika hadi vifuko vya hewa vilivyo ndani kabisa ya mapafu. Seli za kinga huzimeza, hushindwa kuziyeyusha, hufa, na kuziachia zimezwe upya na seli nyingine. Mzunguko huo huacha makovu, nayo makovu huendelea kuongezeka hata baada ya mtu kuacha kazi. Huu ndio ugonjwa wa silikosisi. Hauna tiba ya kuuondoa, na kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka kumi au zaidi. Kipimo cha kwanza hutupatia hali ya mapafu yakiwa mazima. Bila hicho, vya baadaye havina cha kulinganishwa nacho.

Kuna tatizo jingine ambalo nchini kwetu ni zito. Silikosisi humwongezea mtu hatari ya kuugua kifua kikuu, na picha za eksirei za magonjwa hayo mawili huweza kufanana. Fundi anayekohoa huweza kutibiwa kifua kikuu tena na tena bila yeyote kumuuliza anafanya kazi gani. Swali hilo halina gharama, nasi matabibu hatuliulizi vya kutosha.

Waajiri wengi huanza na barakoa. Mimi ningeiweka mwisho. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizo, na hata ile iliyotengenezwa mahsusi huvuja isipobana uso vizuri. Maji ndiyo yatangulie: bomba dogo linalolowesha msumeno hupunguza vumbi pale linapozaliwa. Ukataji ufanyike mahali pa wazi, mbali na wanaochanganya zege, na sakafu ilowanishwe kabla ya kufagiliwa.

Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa chini ya sheria ya mwaka 2008, ambao hulipa fidia kwa ajali na pia kwa magonjwa yatokanayo na kazi. Michango ni wajibu wa mwajiri; haikatwi kwenye ujira. Ajali ina siku yake na mashahidi wake. Silikosisi haina. Ili kuonyesha kwamba makovu ya mapafu yalitokana na kazi, daktari huhitaji historia ya ajira na matokeo ya vipimo vya awali, na kibarua aliyelipwa kwa siku bila jina lake kuandikwa popote hufika kliniki akiwa na kikohozi chake tu.