UNGA MWEUPE WA MAABARA: USIJITIBU NAO!

Huenda umewahi kusikia ushauri huu bwenini: "Ukiwashwa huko chini, mwambie mtu akuchotee asidi ya boriki maabara, inamaliza kila kitu." Kabla hujanyoosha mkono kupokea, hebu tukae kidogo tuongee.

Ni kitu gani hasa?

Asidi ya boriki ni unga mweupe usio na harufu. Kwa macho tu ni rahisi kuudhania chumvi laini au glukosi. Fomula yake ni H3BO3. Mkemia Wilhelm Homberg aliitengeneza kutokana na boraksi mwaka 1702. Ni asidi dhaifu, haikuunguzi kama asidi ya salfa. Ndiyo maana watu wanaidharau, na hapo ndipo hatari ilipo.

Inafanya kazi gani?

Maabara, hutumika kunasa amonia wakati wa kupima kiasi cha protini kwenye unga au maziwa. Viwandani, hutumika kutengeneza glasi inayostahimili moto, kama ile ya bika mnazotumia darasani. Nyumbani, huua mende: mende akipita juu yake hujilamba miguu, anaimeza, anakufa baada ya siku kadhaa. Hata baadhi ya wacheza keram huinyunyiza ubaoni ili kete ziteleze!

Umeona? Kitu hicho hicho kinaua mende.

"Lakini si madaktari wanaitumia?"

Kweli. Fangasi wa ukeni wakiwa sugu, daktari anaweza kuagiza vidonge vya asidi ya boriki vya kuweka ukeni. Lakini hivyo vimetengenezwa kwa matumizi ya mwili, kila kimoja kina kipimo chake, na havimezwi kamwe. Mjamzito hapewi.

Chupa ya maabara ni kitu kingine. Imetengenezwa kwa ajili ya majaribio. Hakuna aliyeikagua kwa matumizi ya mwili, na hujui vijiko vingapi vichafu vimeingia humo. Na hata ingekuwa safi kabisa, bado ni sumu ikimezwa. Usafi wa kemikali si usalama wake.

Jambo jingine: si kila muwasho ni fangasi. Unaweza kuwa ni trikomona, ugonjwa wa zinaa unaotibiwa kwa vidonge, na mwenzi naye lazima atibiwe. Ukijipaka unga huku ugonjwa ni mwingine, unapoteza muda na unaweza kumwambukiza mwenzako.

Mtu akiimeza?

Anaweza kutapika, kuharisha, ngozi kuwa nyekundu na kubambuka, na figo kushindwa kufanya kazi. Mtoto mdogo anaweza kufa kwa gramu chache tu. Usimtapishe. Mpeleke hospitali haraka, na chupa ubebe ili mganga aione.

Kumbuka haya:

1. Usihamishie kemikali kwenye kopo la chumvi, sukari au maziwa ya unga.
2. Ukiweka dawa ya mende, iwe mbali na watoto na vyombo vya chakula.
3. Kidonda usikipake. Ngozi iliyochubuka hufyonza sumu hiyo.
4. Kemikali ikikurukia jichoni, usitafute asidi ya boriki kama vitabu vya zamani vilivyoelekeza. Osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali.

Na wewe dada unayewashwa, usione haya. Fangasi huwapata hata wasichana ambao hawajawahi kufanya mapenzi, hasa baada ya kutumia antibayotiki. Nenda zahanati, mwambie mhudumu wazi: "Nawashwa ukeni." Ameshayasikia hayo mara nyingi. Fangasi wa kawaida wana dawa zao, na kwa kawaida hupona ndani ya siku chache.

Unga ule mwache kabatini, umsaidie mwalimu wa kemia. Mwili wako si bomba la majaribio!